Meza ya Mkaguzi

Kwa miaka yote niliyofanya kazi katika nyumba za watu hapa Doha nimekula nimesimama. Nasimama kati ya sinki na friji, nimeegemea kaunta, sahani mkono wa kushoto, kijiko mkono wa kulia, na sikio nimeliacha sebuleni. Chakula kinashuka upesi hivyo. Sisemi haya ili nihurumiwe. Zile dakika chache za jikoni ndizo pekee katika siku nzima ambazo hakuna mtu anayeniuliza kitu, na nimezipenda kama mtu anavyopenda chumba chake mwenyewe.

Tulifundishwa hivyo Nairobi kabla ya kusafiri. Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja mkavu aliyewahi kufanya kazi Ghuba, na kati ya somo la kutandika kitanda na somo la mashine ya kufulia alitufundisha habari ya kiti. Kiti cha mezani si chako, alisema. Usikae hata ukiitwa. Hasa ukiitwa, kwa sababu anayekuita leo amefurahi, na siku akikasirika atakumbuka kwamba uliwahi kukaa. Wenzangu walicheka. Mimi niliyameza maneno yale kama yalivyo, na katika nyumba yangu ya kwanza hayakunisumbua, maana huko hakuna aliyeniita.

Shida ilianza katika nyumba ya pili, hii ya mtaa wa Al Thumama, ambako niliitwa kila siku.

Mwenye nyumba ni mama wa Kikanada, mhadhiri katika chuo kimoja hapa mjini. Ana miaka hamsini na kitu, aliachana na mumewe zamani na hana mtoto. Mimi namwita Madam. Yeye hapendi kuitwa hivyo, nami siachi. Mama yake alipofariki kule Kanada alikwenda kumchukua baba yake waje kuishi pamoja, halafu akagundua kwamba hawezi kufundisha na papo hapo kumwogesha mzee wa karibu miaka tisini. Ndipo nikatafutwa mimi.

Baba yake nilimwita Mzee tangu siku ya kwanza. Aliniuliza maana ya neno hilo, nikamweleza kwamba kwetu ni neno la heshima, analopewa mtu aliyekula chumvi nyingi. Akalifikiria, akasema hajawahi kuitwa kwa heshima ndani ya nyumba ya watu. Nilidhani ananitania. Tulizungumza Kiingereza, sisi watatu, lakini nikimkumbuka Mzee namsikia akisema kwa lugha yangu, na hivyo ndivyo nitakavyomwandika.

Alikuwa mrefu, mabega yameinama, na mikono mikubwa isiyolingana na mwili uliobaki. Akili yake ilikuwa ikija na kuondoka. Kuna asubuhi alijua vizuri kwamba yuko Qatar kwa binti yake, na kuna asubuhi aliniuliza kama ng'ombe wamekamuliwa. Ndege za abiria hupita chini sana juu ya nyumba zetu, na kila ikipita moja alitazama juu na kuuliza inawapeleka watu wapi. Nilimjibu chochote kilichonijia. Lusaka, nilisema. Manila. Kisumu.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya ufagio.

Mzee aliamka kabla yangu, akavaa nguo kamili, shati amefunga vifungo mpaka shingoni, akatoka barazani kufagia mchanga. Mchanga wa Thumama haufagiliki. Ukiuondoa asubuhi, adhuhuri umerudi. Lakini si hilo lililonishtua. Mimi ni mtu wa Bungoma. Kwetu mzee wa umri ule akionekana anafagia uwanja huku mwanamke mwenye nguvu zake amesimama kando, watu watataka kujua huyo mwanamke alilelewa na nani. Nikamnyang'anya ufagio kwa adabu, kwa mikono yote miwili, nikamkalisha kwenye kiti na kumletea chai.

"Pumzika, Mzee," nilimwambia. "Hiyo ni kazi yangu."

Kesho yake akarudi barazani. Nikauficha ufagio nyuma ya mashine ya kufulia. Akaanza kukunja taulo, nikazichukua taulo. Akaosha kikombe chake, nikakichukua kikombe kabla hakijasuuzwa. Nilijiona mtu mwenye malezi bora kabisa. Namtunza kama baba yangu, nilijisemea, na kweli nilimtunza hivyo.

Ndipo akaacha kula. Hakuacha ghafla. Kwanza alibakiza nyama, halafu viazi, mwishowe akawa haji mezani kabisa. Madam alitandika meza, akavuta kiti, akamwita kwa sauti ya kubembeleza. Mzee alisimama karibu na ukuta mikono nyuma, akasema, "Baadaye." Hiyo baadaye haikufika. Suruali zake zikaanza kumpwaya, nikawa nampigia mashimo mapya kwenye mkanda kwa msumari.

Daktari alimpima, akamtisha Madam. Jioni moja Madam alikuja akasimama kwenye mlango wa jikoni, funguo za gari bado mkononi, akaniambia kwamba hali ikiendelea hivi, chuo kikifungwa kwa likizo ya joto atampeleka Mzee kwenye makao ya wazee Kanada. Huko kuna wauguzi. Nafasi ameshaipata.

"Siwezi kumtazama akifa njaa mbele ya meza yangu," alisema.

Mzee alikuwa sebuleni, televisheni imezimwa, mlango uko wazi. Masikio yake hayakuwa na ugonjwa wowote. Tangu siku hiyo sote tulijua jambo moja kuhusu nyumba ile: chuo kikifungwa, Mzee anaondolewa.

Akaanza kufunga sanduku. Alikunja mashati yake vizuri kuliko ninavyokunja mimi, akayapanga, akaliweka sanduku miguuni pa kitanda. Nililifungua na kurudisha nguo kabatini. Nikigeuka, amelifunga tena.

"Nimejitahidi," aliniambia. "Ila hamnipi kazi. Mtu asiye na kazi anarudishwa."

Nilikuwa nimechoka siku hiyo, nikamjibu vibaya. "Mzee, wewe ni baba wa mwenye nyumba. Nani anayemrudisha baba wa mwenye nyumba?"

Akanitazama kwa huruma, kama mtu mwenyeji anavyomtazama mgeni. "Wananirudisha," alisema. "Umesikia mwenyewe." Nami nilikuwa nimesikia mwenyewe.

Aliyenifumbua macho ni askari wa geti la kompaundi yetu, yenye nyumba nyingi ndani ya ukuta mmoja. Ni Mkenya mwenzangu, baba wa watu wazima, analala kambi ya kampuni kule Industrial Area na basi linamleta kila alfajiri. Asubuhi moja alinipigia simu, sauti iko juu.

"Sister, buda wako ako huku parking anafagia na ufagio yangu. Nimemwambia aache, ameniita sir. Mimi! Hebu kuja umchukue kabla majirani waanze kuniuliza kama kampuni siku hizi inaandika wazungu wa kufagia."

Nilitoka mbio na ndala za bafuni. Nilimkuta Mzee kwenye kivuli cha paa la maegesho ya magari, amevua kofia, jasho linamtiririka, na sakafu yote ya chini ya magari ni safi kama sahani. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimewahi kuiona. Nikamshika mkono tukarudi, nikawa namkaripia njia nzima. Tulipofika jikoni alikunywa maji, akaomba mkate. Akala. Akaomba mwingine, akala na huo pia, siagi hadi kidevuni, huku mimi nimesimama na maneno yangu ya kukaripia mdomoni.

Jioni hiyo niliutoa ufagio nyuma ya mashine. Nilimkabidhi na kuwaomba radhi watu wa Bungoma kimoyomoyo. Nikamwachia na vikombe. Nikamwachia na taulo.

Akaanza kula tena, lakini si mezani. Alikula jikoni pamoja nami, amesimama. Mimi upande wa sinki, yeye upande wa friji, kila mtu na sahani yake mkononi. Kama napika ugali anakula ugali, na sukuma wiki anaimaliza. Ilinikera kidogo, siwezi kusema uongo. Zile zilikuwa dakika zangu. Nilimwambia mara kadhaa, nenda ukae mezani, Mzee, binti yako amekutandikia. Alitikisa kichwa na kuendelea kutafuna.

"Wewe ulikuja na meli gani?" aliniuliza siku moja.

"Nilikuja na ndege, Mzee."

"Mlikuwa wengi?"

Nikakumbuka safari ile, sisi wasichana tumevaa fulana za rangi moja ili wakala asitupoteze, pasipoti zetu kazishika yeye. "Tulikuwa wengi," nikasema.

"Sisi tulibandikwa karatasi kifuani," alisema. "Kwa pini. Jina na mahali pa kushushwa."

Hivyo ndivyo nilivyoipata habari yake, vipande vipande, kati ya tonge na tonge. Alizaliwa Uingereza na kulelewa katika makao ya watoto. Siku moja akaja bwana mmoja kuwauliza nani anataka kwenda Kanada, huko kuna farasi. Wavulana wakanyoosha mikono kama wanaogawiwa peremende. Alikuwa na umri wa mtoto wa darasa la nne. Wakapandishwa meli, halafu treni, na kwenye stesheni moja mkulima akaja akamshika mikono na mapaja kama mtu anayechagua ndama, akasema ni mdogo lakini atafaa. Hakufaa. Baada ya majira ya baridi alirudishwa kwa maelezo kwamba hana nguvu, akapewa mkulima mwingine. Huko alilala darini juu ya vitunguu vilivyoanikwa. Nyumba ilikuwa na watoto wake, na hao walikula mezani. Yeye alikula jikoni wakishamaliza, amesimama ili asizoee.

"Hawakunipiga sana," alisema, kama anayewaandikia cheti cha sifa njema.

Nilikasirika mpaka chakula kikanishinda. Nilimuuliza, basi baadaye, ulipooa, ulikula wapi? Akashangaa swali langu. Mezani, alisema. Ile meza aliitengeneza yeye mwenyewe kwa mbao zake, na nyumba ilikuwa yake. Akaangaza macho jikoni kwa Madam, kabati nyeupe, friji yenye milango miwili. "Hapa si kwangu," alisema. Nilielewa sasa kwa nini binti yake hakuwa amewahi kuona jambo hili. Utoto wake wote alimwona baba yake akiwa amekaa.

Madam alitukuta siku moja alipowahi kurudi kazini. Mzee alikuwa anacheka, amenisimulia habari ya jogoo fulani, na sukuma imemnasa menoni. Madam alisimama pale mlangoni na mkoba wake begani. Sikuona hasira usoni pake. Niliona mtu aliyeumia.

"Anakula na wewe," alisema taratibu. "Mimi ananiambia baadaye."

Ilikuwa kweli, na kulikuwa na zaidi. Siku za Ijumaa, ambazo huku ndizo za mapumziko na za ibada, nilipokwenda kanisani alishinda na baba yake peke yao, akampikia vile alivyopenda zamani, na Mzee hakutia kitu mdomoni mpaka niliporudi na kuvaa aproni. Daktari alikuwa anaona uzito umesimama bila kupanda, na likizo inakaribia.

"Njooni wote wawili," Madam alisema. "Tafadhali. Kaeni nami."

"Asante, Madam," nikasema. "Mimi niko sawa hapa." Ni jibu nililompa kila siku tangu nianze kazi, wala sikulifikiria. Mzee alikuwa anasikiliza, ameshika sahani yake.

Wiki hiyo hiyo Madam alimwalika mkuu wa idara yake chakula cha mchana, Jumamosi. Nilimvalisha Mzee shati jeupe na kumchana nywele. Madam alitandika kitambaa cheupe chenye nakshi, akapanga glasi. Mgeni aliingia, mtu mpole, amevaa suti na tai katika joto lile. Mzee aliona kitambaa. Akaiona tai. Nikamwona anajinyoosha mpaka mabega yakakaribia kunyooka, akaenda mwenyewe moja kwa moja hadi mezani, akavuta kiti, akakaa.

Madam alinitazama juu ya kichwa cha baba yake, na furaha iliyokuwa usoni pake ilinitia uchungu hata kabla sijajua kwa nini.

Alikula kila kitu, viwiko vimebanwa mbavuni, bila kudondosha punje. Mgeni, kwa wema wake, akamgeukia. "Na wewe, bwana, unaionaje Doha?"

Mzee aliweka uma chini. Akaweka mikono magotini.

"Ninatendewa vizuri sana, bwana," alisema, kwa sauti nyembamba ambayo haikuwa ya mtu mzima. "Nina kitanda changu mwenyewe. Nina viatu jozi mbili. Naenda kanisani. Huyu mama hanipigi. Naomba nisirudishwe, bwana."

Mgeni alicheka kidogo, akaona hakuna mwingine anayecheka, akanyamaza. Mimi nilikuwa na bakuli la wali mikononi, sikujua niliweke wapi.

Mgeni alipoondoka Madam alijifungia chumbani. Alipotoka macho yalikuwa yamevimba, akaniambia tiketi ameshaikata, atampeleka yeye mwenyewe chuo kikifungwa. Baba yake amefika mahali ambapo yeye hamwezi tena. Alisema hivyo kama anayeomba ruhusa.

"Madam," nikasema, "alidhani yule ni mkaguzi."

Nikamweleza alichonisimulia Mzee jikoni. Kule shambani mtu wa makao ya watoto alikuja mara moja moja kukagua jinsi watoto wanavyotunzwa. Siku hiyo ndiyo meza ilipotandikwa kitambaa, na ndiyo siku pekee Mzee alipokaa mezani, amevalishwa shati la mtoto wa nyumba. Mkaguzi aliuliza, yeye akajibu alivyofundishwa, mkaguzi akaridhika akaenda zake. Shati lilivuliwa kabla gari halijatoka getini.

Madam alikaa chini kwenye kiti cha jikoni ambacho mimi huwekea kapu la nguo. "Aliniambia alikuja Kanada akiwa mtoto," alisema. "Hilo tu. Maisha yangu yote, hilo tu. Kwa nini akuambie wewe?"

"Kwa sababu mimi pia nimeletwa, Madam."

Sikuwa nimepanga kusema hivyo.

Kesho yake alijaribu. Aliondoa kitambaa, akaweka sahani za kila siku, akamwambia baba yake kwamba hapa hakuna mgeni, hakuna mkaguzi, hakuna wa kumrudisha, sote ni watu wa nyumba moja. Mzee alisimama karibu na ukuta, mikono nyuma. "Baadaye," alisema. Madam akaja jikoni akaniangalia tu, na tiketi ikabaki ilivyo. Sikumlaumu. Mtu huchoka kubembeleza baba yake mwenyewe kama anavyobembeleza paka wa jirani.

Baadaye Mzee alikuja upande wake wa friji nikampakulia. Alikula kidogo, akasema bila kunitazama:

"Anadhani mimi mjinga. Anasema sote ni watu wa nyumba moja. Lakini wewe anakuita kila siku, na hukai. Wewe umekaa katika nyumba za watu wa huku muda mrefu kuliko mimi, unawajua. Kama wewe hukai, mimi nitakaaje?"

Kijiko changu kiliangukia sinki. Nilitamani kumpigia kelele. Mimi! Wakati wote ule tukimtafutia dawa, tukimpikia hiki na kile, Madam akilia chumbani, mzee huyu alikuwa ananisoma mimi. Kila "asante, Madam, niko sawa" aliisikia na kuiweka moyoni. Mimi ndiye niliyekuwa namfundisha sheria za nyumba, bila kufungua mdomo.

Nilipiga pasi mchana kutwa huku nikibishana na nafsi yangu. Sikutaka kukaa kwenye meza ile. Mwalimu wetu mkavu alikuwa amesimama kichwani mwangu na kidole chake. Madam ni mwema, sawa, lakini wema wa mwajiri ni wake, anaweza kuuchukua wakati wowote, na mimi nina watu nyumbani wanaokula kwa sababu nina kazi hii. Tena nilikuwa nimechoka. Ningekaa, ningelazimika kuzungumza, kupitisha chumvi, kuuliza kazini kulikuwaje. Mtu anayekula na mwajiri wake bado yuko kazini. Nilitaka sinki langu na friji yangu na kimya changu. Niliunguza kola ya blauzi nikiwaza hayo.

Siku iliyofuata ilikuwa siku ya kazi kama nyingine. Nilipika ugali na kuku wa jana. Nikachukua sahani mbili nikaziweka mezani, bila kitambaa, nikavuta kiti nikakaa.

Nilikuwa sijui kuna ugumu gani katika kukaa. Miguu haikujua ijiweke wapi. Mgongo ulitafuta kaunta. Nilinawa kwenye bakuli, nikamega tonge kama mtu anayeiba.

Mzee alisimama ukutani akinitazama. Halafu akatazama mlango wa mbele.

"Nani anakuja?"

"Hakuna, Mzee."

"Leo si siku ya mkaguzi?"

"Hakuna mkaguzi. Ni siku tu. Ugali unapoa."

Ndege moja ikapita, hakuuliza inakwenda wapi. Mwishowe akavuta kiti kilichokuwa karibu nami, akakaa ukingoni, tayari kuinuka. Akala tonge moja. Akala la pili. Akasogea nyuma mpaka mgongo ukagusa kiti.

Tulikuwa katikati ya chakula funguo zilipolia mlangoni. Madam. Mwili wangu uliinuka wenyewe. Miaka yangu yote ya Doha iliniinua, tayari nimeshika sahani niikimbize jikoni, na pembeni yangu nikaona Mzee naye ameanza kuinuka.

Kisha akanishika kifundo cha mkono. Mkono wake ule mkubwa ulikuwa na nguvu bado.

"Kaa," alininong'oneza. "Ukisimama wewe, na mimi itabidi nisimame."

Nikakaa. Naapa sijawahi kufanya kazi ngumu kuliko ile katika nyumba ya mtu yeyote. Madam aliingia, akatuona, akasimama. Nilimtazama usoni nikingoja. Alikwenda jikoni, tukasikia anafungua kabati, akarudi na sahani yake mwenyewe, akakaa upande wa pili na mkoba bado begani. Mzee alimsogezea bakuli la maji anawe.

"Hakuna mkaguzi leo," alimweleza, kwa upole, kama anayemkaribisha mtoto mgeni. "Tunakula tu."

Madam alinawa. Machozi yalikuwa yanamtoka, akala nayo. Hakuna aliyetaja makao ya wazee, wala tiketi, na sikusikia ikitajwa tena hata chuo kilipofungwa na watu wote wa kompaundi wakaondoka kwenda kwao, isipokuwa sisi watatu.

Lakini hiyo ni baadaye. Siku ile Mzee alipomaliza alifuta sahani yake kwa tonge la mwisho, akamtazama binti yake.

"Na kesho?" aliuliza. "Kesho pia?"

Madam alinigeukia mimi, kwa sababu alikuwa ameshaelewa jibu liko kwa nani. Niliangalia mlango wa jikoni, ile nafasi yangu kati ya sinki na friji, mahali pekee katika nchi hii palipokuwa pangu. Nilikuwa nimechoka, Mungu anajua.

"Kesho pia, Mzee," nikasema.